Umuvure wa Baba na Bunduki ya Baba Mkwe

Niliacha shule darasa la nne na sijaona hasara yake. Milango ya kanisa letu hapa Kasulu nimeitengeneza mimi, na mpaka leo haijashuka hata unene wa karatasi. Cherehani ikikwama inaletwa kwangu. Baiskeli ikipinda inaletwa kwangu. Redio nazo huletwa, ingawa redio nyingi huwa nazirudisha kama zilivyokuja. Hakuna aliyenifundisha. Nilichukua kiti cha padri kilichovunjika, nikakifungua chote, nikaona kilivyoshikana, nikatengeneza kingine. Chuo changu kilikuwa hicho. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba kilichonishinda hakikunishinda kwa sababu ya kutojua kazi.

Baba mkwe wangu alikaa Kibondo, upande wa mashariki unaokwenda kwenye pori kubwa. Ujanani alikuwa mfuata nyayo wa mwindaji mmoja Mzungu, na yule Mzungu alipoondoka nchini alimwachia bunduki yake, kwa karatasi na kibali, kila kitu halali. Ilikuwa bunduki ya nyati na tembo. Risasi yake ilikuwa nene kama kidole gumba changu, na vidole vyangu si vya mwalimu. Watu wa kijiji walisema ikilia, aliyepiga na aliyepigwa wote wanakaa chini.

Chuma chake kilikuwa kizima. Kilichokufa ni kitako, ule mti wote unaobeba chuma na kukaa begani. Kilipasuka siku mzee alipoteleza nayo kwenye mawe, na yeye akakifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, ilipokauka akaongeza waya, na ikakaa hivyo miaka kama mguu wa mtu aliyevunjika.

Sasa lazima nikueleze habari ya mrija. Kwetu wanaume huzunguka chungu kimoja cha pombe, kila mtu na mrija wake. Mwenye nyumba akikukubali kabisa, akikuona wewe ni mtu wake, anautoa mrija wake mdomoni anakupa unyonye. Hakuna maneno yanayosemwa. Mimi nilikuwa nimemwoa binti yake miaka kumi na minne, nimezaa naye watoto watano, nimemjengea nyumba ya matofali ya kuchoma yenye madirisha ya vioo, na kila nilipokwenda Kibondo baba mkwe aliniletea pombe kwenye kikombe cha plastiki. Kikombe cha kijani. Kama mtu anayepita njia akaomba maji. Na hakuniita mkwe hata siku moja. Aliniita fundi.

Mwaka tisini na saba miguu yake ikaanza kuvimba. Tulikwenda kumwona, mimi na mke wangu, tukakuta wanaume wamekaa kwenye chungu na bunduki iko ukutani na waya zake. Mzee alikuwa akisema hataki kufa akiacha silaha iliyofungwa bandeji. Alitaka kuiweka begani ikiwa nzima, mara moja tu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni mwalimu, akasema kazi hiyo inataka wataalamu wa mjini.

Nikamwambia shemeji, mji gani huo unaousema, kwani mimi natoka porini? Nikasema kabla mtama haujavunwa bunduki itarudi hapa inang'aa.

Baba mkwe alinigeukia. Akasema, "Fundi, mbao ya mlango haipigwi teke na risasi."

"Baba, milango yangu inapigwa teke na walevi kila Jumapili."

Watu walicheka. Na yeye mdomo wake ulicheza kidogo kwenye mrija. Nilikiona kile kicheko nikajua mlango umefunguka, ni mimi tu kuingia.

Alikubali, lakini kwa namna yake. Alichomoa lile komeo la chuma linalofunga risasi ndani, akalikunja kwenye kitambaa pamoja na risasi zenyewe, akavitia chini ya mto wake. Mimi nikapewa bunduki isiyo na moyo. Mwalimu akaandika barua, ikapigwa muhuri kituo cha polisi, kwamba mimi nimebeba chuma kwa ajili ya matengenezo ya mti peke yake. Miaka ile, wakimbizi wamejaa pande zote na vizuizi kila kona, hata panga ulilibeba kwa maelezo. Nilirudi Kasulu juu ya lori la mahindi nimekumbatia kile chuma kilichofungwa kwenye gunia kama mtoto mchanga.

Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, paa la bati, kuta za mabanzi, meza moja ya mti wa mkuruti ambayo hata mkiwa wanne hamuiinui. Nilidhani nina kila kitu. Kumbe kitu kimoja tu ndicho kilichokosekana, nacho ni mbao kavu.

Asiyejua kazi ataona ni jambo dogo. Kitako cha bunduki kubwa kikichongwa kwenye mti mbichi kinaendelea kutembea baada ya wewe kumaliza. Chuma unakilaza leo kimetulia, wiki ijayo kimeinuliwa upande mmoja. Mbao inatakiwa iwe imekauka miaka, si miezi. Na miaka ile mbao kavu Kasulu ilikuwa imekwisha. Makambi yalikuwa yanajengwa, maghala, vyoo, madarasa, na kila ubao uliokuwa umelala kwenye dari ya mtu ulishushwa ukanunuliwa. Nilizunguka kwa wapasuaji wote. Walichokuwa nacho kilikuwa bado kinatoa maji.

Nilichonga mti wa kitako cha kwanza kwa mninga mbichi, najua sivyo, lakini nikasema nitaukausha juu ya jiko la mke wangu, pale tunapokaushia mbegu. Wiki mbili ukapinda kama mkia wa mbwa. Wa pili nikaukausha kivulini, polepole, nimeupaka kinyesi cha ng'ombe kwenye ncha zake ili usipasuke. Ukapasuka katikati. Na huku habari zinakuja kutoka Kibondo kwa kila gari, kwamba uvimbe umepanda umefika magotini. Mke wangu hakunihimiza. Alikuwa anakuja mlangoni, anaangalia meza, anarudi jikoni.

Nyuma ya karakana, kwenye migomba, palikuwa na umuvure wa baba yangu. Umuvure ni ule mtumbwi mkubwa wa kukamulia ndizi za pombe, gogo zima lililochimbwa, mtu mzima analala ndani yake akanyoosha miguu. Wa kwetu ulikuwa wa mninga. Aliuchonga babu, baba akaurithi. Pombe ya ubatizo wa watoto wa baba wote ilitoka humo, na ya harusi yangu. Baba alipofariki, mama akaokoka, akawa haingii tena kwenye habari za pombe, na umuvure ukafunikwa kifudifudi, mwaka wa tatu sasa unakaliwa na kuku.

Nilikwenda nikawafukuza kuku, nikaugeuza, nikaugonga kwa nyundo. Ulilia kama kengele. Ndugu yangu, mti ulipita miaka arobaini unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, hauna tena pa kwenda. Chini ulikuwa na unene wa kiganja. Nikachukua msumeno.

Mama alirudi shambani akakuta nimeshautoa ubao wa katikati, na zile mbavu mbili zimebaki zimelala kila moja upande wake. Alisimama na jembe begani.

"Umemuuliza nani?"

"Nimuulize nani, mama? Baba hayupo, na wewe umeokoka."

"Kuokoka kwangu hakukuufanya kuni."

Alitua jembe, akaleta kikapu, akaanza kuokota vipande, vikubwa na vidogo, hata yale makapi ya msumeno. Nilidhani anakwenda kuwashia moto. Hakuwashia. Alikiweka kikapu chumbani kwake, chini ya kitanda.

Kazi yenyewe, sitasema uongo, ilikuwa nzuri kuliko zote nilizofanya maishani. Nilichimba kitanda cha chuma kwa patasi nyembamba, na kila mara nilikipaka chuma masizi ya koroboi, nakilaza, nakiinua, naona masizi yameshika wapi, nachonga hapo tu, unene wa ukucha. Siku kumi na moja kwa kazi hiyo peke yake. Mwisho chuma kilikaa ndani ya mti kama yai ndani ya ganda. Shingoni, pale mkono unaposhika, nilichonga mistari ya kukatana, nimeitoa kwenye kikapu cha mke wangu alichofuma mama yake. Nikasema mzee akishika hapo ataukuta mkono wa mkewe.

Kipindi hicho alikuwa akija kwangu fundi mmoja Mkongomani kutoka Nyarugusu, kunoa patasi zake kwenye jiwe langu, maana kambini hakuwa na jiwe. Mtu mtaratibu, kazi yake safi, karibu kama yangu. Siku moja aliushika ubao, akauleta puani.

"Papa, hii mubao ilikunywaka."

Nikamwambia haina neno, sasa imeacha.

"Mubao haiachake," akasema, akarudi kwenye jiwe.

Tulicheka wote wawili. Lakini aliniambia pia nisipake mawese, nipake nta ya nyuki peke yake, kwa sababu mawese hayakauki. Mimi nilijua mawese. Sisi watu wa Kigoma tufundishwe mawese na nani? Nikachanganya nusu kwa nusu. Mti ukawa mwekundu, ukang'aa mpaka ukiuinamia unaona meno yako.

Nikasafiri. Kwenye kizuizi walinishusha, barua ikasomwa na watu watatu, gunia likafunguliwa. Askari mmoja akapitisha mkono juu ya mti akauliza nani amefanya. Nikamjibu. Akasema hakuamini ni wa hapa. Maneno yale nilikwenda nayo mpaka Kibondo.

Nilifika asubuhi, mvua ya rasharasha. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, ndani ya mlango, miguu imefungwa kanga na imekuwa minene kama vinu. Nilimkuta amepungua uso. Niliegesha gunia, nikachuchumaa, nikapiga makofi, nikamsalimia kama inavyotakiwa kwetu, mwakeye, na habari za nyumba, na za ng'ombe, na za mvua, na yeye akajibu zote, moja moja, bila kuliangalia gunia hata mara moja. Mwalimu alikuwepo. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ukuta, nasikia anapepeta.

Ndipo akanyoosha mikono, nikaifungua bunduki nikampa.

Alitoa kiunoni kile kitambaa kilichokuwa chini ya mto, akalirudisha komeo mahali pake. Lilifunga kwa sauti ndogo. Akapitisha kidole gumba pale mti unapokutana na chuma, kuzunguka kote, akitafuta nafasi. Hakuna nafasi. Akakuta mistari ya kikapu, akatulia hapo, akaiangalia. Nikamwona anaipenda. Hilo siwezi kunyang'anywa. Kisha akaiinua, mwenyewe, na miguu ile, akaiweka begani, akalaza shavu juu ya mti, jicho moja akalifumba, akaulenga mlango wazi na mvua iliyokuwa nje.

Alikaa hivyo muda mrefu mno. Moto ulikuwa karibu, na shavu lake lilikuwa na homa. Mti ukapata joto.

Nilisikia harufu kabla hajaishusha. Pombe ya ndizi. Si ya jana wala juzi, ya zamani, ile tamu iliyokaa. Ilitoka ndani ya yale mawese kama jasho.

Akaishusha akailaza mapajani.

"Fundi, mbao hii umeitoa wapi?"

"Ni mninga, baba."

"Nimeuliza wapi. Sikuuliza nini."

Ningeweza kudanganya. Watu wameniuliza baadaye kwa nini sikudanganya, eti ningesema gogo lilikuwa kwenye kilabu. Sikuweza.

"Ni ya baba yangu. Ilikuwa umuvure."

Mwalimu alicheka kidogo puani. Mzee hakucheka.

"Pombe ya kumwoa binti yangu ilikamuliwa humo," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Niliinywa."

"Ndiyo."

Aliisukuma bunduki taratibu mpaka ikamfikia mwanawe, naye akaitundika. Upande wa pili ungo ulikuwa umenyamaza.

"Mtu anakata umuvure wa baba yake ili anifurahishe mimi," akasema, na sauti haikuwa ya hasira, ingekuwa ya hasira ningejua la kufanya. "Mimi nikifa, atakata nini amfurahishe mwingine?"

Nilitaka kumwambia kuhusu mbao kavu, makambi, vile vitako viwili vilivyopinda na kupasuka, zile siku kumi na moja za masizi. Kila neno nililoliokota lilikuwa la fundi, na yeye alikuwa haongei na fundi. Ilikuwa mara ya kwanza aongee na mkwe.

Chungu kilikuja, maana mgeni hawezi kukaa hivihivi. Mimi nikaletewa kikombe cha kijani.

Nilipoaga ndipo alipoongeza: "Kachonge mwingine. Ukiukamulia, niletee pombe yake. Hiyo nitainywa na wewe."

Basi nilikimbia na hilo. Nilikuwa na kazi, na kazi mimi naiweza. Lakini mti wa kuchonga umuvure si mti wa kununua barabarani. Nilizunguka wiki tatu, nikaupata Nyakitonto kwenye shamba la mzee mmoja, tukauangusha, nikauchimba hukohuko shambani kwa tezo, nikaukokota nyumbani na watu wanane. Nilikuwa nauchonga haraka kama mtu anayechimba kisima nyumba inaungua. Pombe ya kwanza ilitoka nyekundu na chungu, hata kuku waliikwepa. Mninga mpya ndivyo ulivyo, na hilo baba angeniambia.

Mama alikuwa akiangalia kutoka kwenye baraza. Siku ya tatu akaingia chumbani, akatoka na kikapu. Alimwaga vile vipande vyote vya umuvure wa zamani ndani ya ule mpya, akajaza maji, akaufunika kwa majani ya migomba.

"Uache siku tisa," akasema.

"Mama, siku tisa ni nyingi."

"Ndizo zilizopo."

Yeye asiyeonja pombe. Nikaacha siku tisa, natembea kuuzunguka ule mtumbwi kama mtu anayesubiri nje ya wodi. Siku ya tisa tukamwaga maji, tukakamua ndizi, nikaweka mtama wa kukaanga, nikafunika. Kesho yake asubuhi, pombe ikiwa imeanza tu kuchemka yenyewe, gari la kutoka Kibondo likashusha mtu wa habari. Mke wangu alimwona kabla yangu. Alikaa chini palepale kwenye vumbi la randa.

Pombe ile niliifikisha msibani, madumu manne. Walisema ni nzuri. Mimi kama mkwe nilisimama kuwamiminia watu, na anayemimina hanywi mpaka wote watosheke, na hawakutosheka. Mrija wa mzee niliuona umechomekwa kwenye nyasi za paa, juu ya mlango. Hakuna aliyeugusa na mimi sikuugusa.

Mwenye kibali akifa, bunduki inarudishwa. Sheria iko hivyo. Baada ya matanga mwalimu aliniambia twende wote kituoni, maana kama wataulizia mti, mwenye mti ni mimi. Ofisa aliyeipokea aliigeuzageuza, akainusa.

"Hii mbona inanukia pombe?"

Mwalimu akaniangalia mimi. Nikasema ni mawese.

Ofisa akaandika kwenye daftari: bunduki moja, kitako cha mbao, hali nzuri. Nikamwomba, kwa adabu kabisa, kama naweza kufungua skrubu mbili tu nichukue mti wangu niwaachie chuma, maana mti haumo kwenye kibali. Nilikuwa nimebeba bisibisi mfukoni.

"Mzee," akasema, "bunduki ikishaandikwa haivuliwi nguo."

Haijapigwa hata risasi moja ikiwa na kitako kile. Mpaka leo sijui kama kingelihimili teke lake. Nasema kingehimili, nawaambia watu kingehimili, lakini sijui, na hakuna wa kuniambia.

Aliibeba kwenda chumba cha nyuma. Mlango wa chumba kile ulikuwa umeshuka, unaburuza chini, ilibidi auinue kwa goti ndipo ufunguke. Nikamwambia mlango huo mimi naweza kuutengeneza, kazi ya dakika kumi, sitaki kitu, niingie tu ndani nione bawaba zimekaaje.

Akasema hauna shida, wameshauzoea.